AFCON 2027 inakuja, kabla hujakopa mtaji soma hapa kwanza

Hii ni kwa mnaokaa jirani na kiwanja, Temeke, Kasarani, popote, ambao sa hivi mnapiga hesabu AFCON ije muokote hela. Hela ipo jamani, ishu ni inapita mlango gani.

Kwanza jua mpaka uko wapi. Mashindano haya yana wadhamini wake, na mwenye soda hataki kuona soda ya mwingine pale getini, kwa hiyo wamachinga wanasogezwa. Afrika Kusini 2010 majiji yalitunga kabisa sheria ndogo za kuwazuia, Brazil 2014 eneo la marufuku liliruhusiwa kufika mpaka kilomita 2 kuzunguka kiwanja. Mimi mwenyewe CHAN ile ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, siku tunawapiga Burkina Faso 2-0 kwa Mkapa, nilibeba katoni sita za maji nikarudishwa kabla hata sijaliona geti, barafu ikayeyuka, lebo zikabanduka kwenye chupa, watu wananiuliza we kaka haya si ya bomba haya? Niliyauza usiku kule Uhasibu kituoni, watu wanatoka sauti zimekauka kwa kushangilia, na wala hawakuuliza lebo. Kwa hiyo achana na geti, tafuta njia wanayopita wakitoka.

Pili, usiende peke yako. Undeni kikundi, muende serikali ya mtaa na halmashauri mapema mkaulize wauzaji watapangwa wapi na kibali kinapatikanaje, msisubiri wiki ya ufunguzi. Kule Salvador, Brazil kuna kina mama wanaokaanga acarajé, ni bagia za kunde tu hizi hizi ila za mafuta ya mawese, nao walikuwa wanafungiwa nje, wakakusanya saini, wakaandamana siku kiwanja kinazinduliwa 2013, mwisho wakaruhusiwa kuuza.

Mpangaji, omba mkataba wa maandishi sasa hivi. Mwenye nyumba naye anaangalia kalenda.

Mkopo ndo pa kuwa makini zaidi. Hesabu mechi za kiwanja chako tu, usihesabu mashindano mazima. Mji wa Manaus, Brazil, walijenga kiwanja cha watu zaidi ya 40,000, Kombe la Dunia la 2014 likawapa mechi 4, na timu ya ligi kuu hawakuwa nayo. Sasa rejesho la tano, mechi zimeshaisha, utalitoa wapi? Barabara, taa na maji vikibaki mtaani hapo sawa, mmepata, ila havilipi mkopo wako.

Na jezi, aisee. Tunasema kwa Mkapa hatoki mtu, CHAN hiyo hiyo, tarehe 22 Agosti, Morocco wakatupiga 1-0 wakatoka zao vizuri tu, kesho yake jezi hata nusu bei hakuna anayegeuka. Kama lazima uuze, chukua zisizoandikwa mwaka wala jina la mashindano, hizo hata Taifa Stars wakicheza mechi ya kirafiki zinatoka.