Namna ya Kufuatilia Maisha ya Mwanasoka wa Kale

Anza na taarifa za mechi katika magazeti ya zamani, kwa kuwa yalitaja majina ya wachezaji hata pale yalipokaa kimya kuhusu maisha yao. Ukimfuatilia Andrew Watson, mzaliwa wa Demerara (leo ni sehemu ya Guyana, Amerika Kusini) mwaka 1856, utamkuta uwanja wa Oval, London, tarehe 12 Machi 1881, akiwa beki na nahodha wa Scotland iliyoichapa England 6-1.

Kisha toka uwanjani: pekua sensa, vyeti vya ndoa na kumbukumbu za mabaharia, maana Watson baadaye alikuwa mhandisi wa meli. Habari ya kifo usiipokee kabla hujaona kaburi. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba alifia Australia, kosa linaloniuma, ilhali alifariki Kew, London, mwaka 1921 akazikwa Richmond, jirani na hapo.