Kabla ya Kwenda Nyumbani Sikukuu na Mtoto Mwenye Usonji

Kwa familia nyingi za Arusha zenye asili ya Kilimanjaro, Desemba ni mwezi wa kwenda nyumbani. Safari ya kutoka Arusha mjini hadi Moshi, ambayo ni takribani kilomita 80, kisha kupanda kuelekea Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, huandaliwa kwa mambo yale yale kila mwaka: nauli, nguo mpya za watoto, mchele, sukari na mchango wa mbuzi. Mzazi mwenye mtoto mwenye usonji (autism kwa Kiingereza) ana maandalizi mengine ambayo hayaonekani kwenye mizigo, nayo yakisubiri hadi asubuhi ya safari huwa yamekwisha kuchelewa. Wiki tatu zinatosha, zikitumiwa vizuri.

Mtoto mwenye usonji mara nyingi hupokea sauti, mwanga, harufu, ladha na mguso kwa kiwango kisicholingana na cha watu wanaomzunguka, na tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani unaitaja tofauti hiyo waziwazi miongoni mwa dalili za usonji. Wapo wanaozidiwa upesi, na wapo ambao hisi zao ziko chini kiasi kwamba wanatafuta zaidi: wanaruka, wanazunguka, wanajibana katikati ya mito ya kochi. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, akaziba masikio blenda inapowashwa lakini asihisi kwamba uji aliopewa unaunguza. Kwa hiyo kazi ya wiki ya kwanza ni daftari. Kila anapolia, anapokimbia au anapojificha, andika saa, mahali, kilichotangulia na kilichomtuliza. Baada ya siku saba daftari hilo litakueleza mtoto wako anahitaji nini kuliko orodha yoyote ya jumla, hii ikiwemo. Ukiweza kumwona mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, nenda nalo. Kwa wakazi wa kaskazini, Hospitali ya KCMC mjini Moshi ni mahali pa kuulizia, na ni vyema ukaulizia kabla sikukuu hazijawadia.

Jambo la pili, ambalo mimi naliweka mbele ya begi na nauli, ni simu kwa bibi. Nyumba ya sikukuu ina wenyeji wengi, na kila mmoja anategemea kuamkiwa, kumkumbatia mjukuu na kumpapasa kichwani, ilhali kwa baadhi ya watoto hawa mguso mwepesi huudhi kuliko kushikwa kwa nguvu na kwa utulivu. Usimpe bibi somo la kitabibu. Baada ya shikamoo, mweleze mambo machache anayoweza kuyasimamia mwenyewe: kwamba mjukuu wake atamwamkia kwa kumpungia mkono au kumgusa kiganja, na hiyo ndiyo heshima yake, kwamba kutomtazama mtu usoni si kiburi, kwamba asilazimishwe kula, na kwamba mnaomba chumba kimoja, hata kiwe kidogo, ambacho wageni hawataingia. Bibi akishakubali, mashangazi na baba wadogo hawana la kubisha, maana neno lake uani lina uzito kuliko maelezo yako yote.

Hata hivyo atakuwepo wa kusema mtoto amedekezwa, au wa kunong'ona habari za laana. Jibu lako liwe tayari na liwe fupi: usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, hautokani na malezi mabaya wala na mkosi wa ukoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo familia yenu si ya pekee hata katika kijiji hicho hicho. Waeleze pia tofauti ya deko na kuzidiwa. Anayedeka ana kitu anachokitaka, na akikipata hunyamaza. Aliyezidiwa hatulizwi na pipi wala fimbo, kwa sababu hana anachodai, anachohitaji ni sauti zipungue, watu wasogee na muda upite.

Katika wiki ya pili, mtoto mwenyewe aanze kuionja safari. Omba ndugu aliyeko huko apige picha za lango, sebule, kitanda atakacholalia na choo, kisha uzichapishe au umwonyeshe kwenye simu kila jioni kwa mpangilio ule ule, ukitumia maneno machache: kwanza gari, halafu Boma Ng'ombe tunapumzika, halafu kwa bibi. Chora siku kwenye karatasi na mfute moja kila usiku. Choo kisidharauliwe, kwani mtoto aliyezoea choo cha kukaa anaweza kukataa kabisa choo cha shimo kwa sababu ya giza, harufu au mwangwi, akajizuia siku nzima. Poti yake na tochi ndogo vitapunguza mateso hayo.

Nguo zinastahili uangalifu ambao sisi wazazi huutoa tukiwa tumeshaumia. Mwaka mmoja nilimnunulia wangu sweta zuri la sufu kwa ajili ya baridi ya mlimani, nikalitoa kwenye mfuko asubuhi ya Krismasi, na hakuna picha ya familia tuliyopiga siku ile. Nguo ya sikukuu inunuliwe mapema, lebo ya shingoni ikatwe, ifuliwe mara kadhaa hadi ilainike, na avae nyumbani kwa dakika chache kila siku. Chini ya sweta avae fulana yake ya pamba aliyoizoea. Akiikataa hata hivyo, aende na kaptula yake ya kila siku; ibada haitaharibika.

Kuhusu sauti, vifaa vya kufunika masikio vya aina ya hedifoni, vile wanavyovaa mafundi wanaotumia mashine za kelele, husaidia sana katika stendi, kanisani na jirani anapofungulia spika. Avizoee kabla, tena avivae pale kelele inapozidi na si kutwa nzima, kwa sababu masikio yanayozibwa muda wote yanaweza kuzidi kuwa mepesi kuumizwa. Kanisani kaeni karibu na mlango wa pembeni. Ulizia pia mbuzi atachinjwa saa ngapi, mumpeleke mtoto matembezini wakati huo.

Chakula ni kifupi kueleza: mtori na ndizi nyama visiwe jaribio la siku hiyo. Beba unga wa uji wake, kikombe chake na kile kitu kimoja anachokula bila ubishi. Kama anatumia dawa, hasa za kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, beba zinazozidi siku za safari na uziweke kwenye mkoba wa mkononi.

Usafiri nao upangwe kwa kuikwepa foleni. Siku mbili tatu kabla ya Krismasi stendi hujaa, wapiga debe hushika watu mikono, na muziki ndani ya Kosta hauzimwi kwa kuombwa mara moja. Ondokeni mapema kwa siku kadhaa, alfajiri, na ikiwezekana mlipie kiti chake karibu na dirisha badala ya kumpakata.

Usalama uwe wa mwisho kuandaliwa lakini usisahaulike. Watoto wengi wenye usonji huponyoka bila kuaga, na wengi wao huvutwa na maji, wakati vihamba vya mlimani, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vina mifongo (mifereji ya kumwagilia), mabonde na mito isiyo na uzio. Kabla ya kushusha mizigo, zunguka kiwanja na mtoto, muone maji yako wapi na lango linafungwaje. Shona namba ya simu ndani ya nguo yake, mpige picha kila asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, na gawaneni zamu za kumwangalia kwa majina na saa, kwa kuwa katika nyumba yenye watu wazima kumi na tano kila mmoja hudhani mwingine anamwona.

Mwisho, kubaliana na mwenzako ishara ya kuondoka mezani bila maelezo, na nani atabaki na wageni. Siku ya kurudi Arusha isiwe na ugeni wala duka. Mwache alale, aruke, azunguke uani, na nguo zifuliwe kesho yake.