Namna ya Kuchagua Vifaa na Programu za Kuhifadhi Kumbukumbu za Kidijitali kwa Miaka Mingi

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika ofisi moja hapa Dar es Salaam, hatua chache kutoka baharini, ili nifungue diski ya nje iliyokuwa imekaa kabatini kwa miaka minne. Ndani yake kulikuwa na mahojiano ya wazee wavuvi, na wengi wa wazee hao walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilipoichomeka ilitoa mlio, tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Diski ile haikuwa ya bei rahisi na kabati lilikuwa na kufuli. Kilichokosekana ni nakala ya pili na mtu wa kuikagua. Tangu siku ile, kila taasisi inaponiuliza inunue nini, nami huiuliza mambo mawili: mtajuaje kwamba faili limeharibika, na siku mtakapotaka kuhama mtatokaje? Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata maswali hayo.

Hatua ya kwanza: hesabu ulichonacho

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla shilingi haijatoka, andika orodha ya vitu vyote unavyokusudia kuhifadhi, aina zake na ukubwa wake. Ukurasa mmoja wa A4 uliopigwa skani kwa rangi kwa dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi) na kuhifadhiwa kama TIFF isiyobanwa hufikia takriban MB 46. Saa moja ya sauti ya stereo, kwa kHz 96 na biti 24, huchukua takriban GB 2. Kwa hiyo maktaba yenye kurasa 20,000 na kaseti 800 za saa moja moja inahitaji takriban TB 2.6 (TB 1 ni GB 1,000) kwa nakala moja tu. Mimi huzidisha kiasi hicho mara tatu ili kuacha nafasi ya kukua, na kwa mfano huu nafika TB 8.

Chagua pia aina za mafaili zinazojulikana wazi na zisizofungwa na kampuni moja: TIFF kwa picha, PDF/A kwa nyaraka, WAV au FLAC kwa sauti. Programu ya DROID, iliyotengenezwa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza na inayopatikana bure, itakusaidia kutambua mafaili ya zamani ambayo hakuna anayekumbuka yalitengenezwa kwa programu gani.

Hatua ya pili: toa namba ya uhakiki kabla ya kunakili chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Namba ya uhakiki ya SHA-256 ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Ikibadilika hata biti moja, mfululizo wote hubadilika. Itoe mapema, faili likiwa bado kwenye kompyuta ya skani, kwa sababu ukisubiri mpaka baada ya kunakili unaweza kuwa unathibitisha uharibifu uliokwisha kutokea.

Njia rahisi ya kuziweka namba hizo ni mpangilio uitwao BagIt, uliochapishwa rasmi mwaka 2018 kama RFC 8493, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti. Ni folda ya kawaida: ndani yake kuna folda ya data yenye mafaili yako, faili dogo la bagit.txt, na manifest-sha256.txt ambamo kila mstari una namba ya uhakiki ikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Linux, ingia ndani ya folda hiyo uandike sha256sum -c manifest-sha256.txt. Utaona majina yakipita moja baada ya jingine, kila moja likiwa na neno OK, na lililoharibika litatiwa alama ya FAILED. Uzuri wake ni kwamba huhitaji leseni, huhitaji intaneti, na mtu atakayelifungua faili hilo miaka thelathini ijayo atalisoma kwa programu yoyote ya maandishi.

Hatua ya tatu: chagua vifaa vinavyostahimili pwani

Anza kwa kuondoa visivyofaa. Diski za SSD na flash huhifadhi data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo hupungua kifaa kikikaa muda mrefu bila kuwashwa, tena haraka zaidi penye joto. Zitumie kwa kazi za kila siku, usizifungie kabatini. CD za kurekodi nazo hufifia, na kompyuta nyingi za sasa hazina tena mahali pa kuziingiza.

Kwa taasisi ndogo au ya kati, nashauri seva ndogo yenye diski za sumaku zilizotengenezwa kwa ajili ya seva, zikiwa mbili au tatu zenye data ileile, pamoja na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya aina ya ECC inayosahihisha makosa yake yenyewe. Epuka diski za SMR, ambazo njia zake za kuandikia zimelaliana kama vigae, kwa sababu moja ikifa, kujaza mbadala wake huweza kuchukua siku nyingi. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya watengenezaji walikuwa wakiuza diski za namna hiyo kwa ajili ya seva bila kusema wazi, hivyo soma karatasi ya sifa za kiufundi na uhakikishe imeandikwa CMR, yaani njia zisizolaliana. Nunua diski kutoka matoleo tofauti, hata ikibidi kuzunguka maduka matatu ya Kariakoo. Nimewahi kuona diski mbili za katoni moja zikifa ndani ya wiki moja. Mbele ya muuzaji, ingiza namba ya mfululizo kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama dhamana ipo. Ukifika ofisini, ijaze diski yote kwa programu ya f3, kwa maana vipo vifaa bandia vinavyodai ukubwa visivyokuwa nao.

Mahali pa kuiweka seva pana uzito sawa na seva yenyewe. Usiiweke ghorofa ya chini ikiwa jengo liko karibu na bonde la Msimbazi au eneo lolote linalotuama maji. Usiiweke chini ya kiyoyozi, maana kiyoyozi huvuja. Nunua UPS, yaani betri ya dharura, inayotosha kuizima seva taratibu umeme unapokatika, na uiunganishe kwa waya wa USB ili izime yenyewe hata usiku ambapo hakuna mtu.

Kanda za LTO, yaani kanda za sumaku za kuhifadhia data, ninazipenda kwa wenye makumi ya TB. Kanda ya LTO-9 hubeba TB 18, na haitumii umeme ikiwa rafuni. Lakini mashine yake ni ghali, na mashine ya LTO-9 husoma kanda za LTO-9 na LTO-8 tu, hivyo unaponunua kanda unakubali pia gharama ya kuhamisha data kila vizazi kadhaa. Aidha, kwa hifadhi ya muda mrefu kanda hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50, hali ambayo Dar es Salaam huwezi kuipata bila chumba chenye kiyoyozi na mashine ya kupunguza unyevu.

Hatua ya nne: chagua programu kwa kuangalia mlango wa kutokea

Kwa mfumo wa diski, yaani programu inayopanga data kwenye diski, ninatumia ZFS, ambayo huweka namba ya uhakiki kwa kila kipande cha data na kujirekebisha kutoka diski ya pili inapogundua kosa. Programu ya TrueNAS huifanya iwe rahisi kuendeshwa kwa kivinjari.

Juu yake, taasisi yenye fundi wa kudumu inaweza kuweka Archivematica, programu huria inayotambua aina za mafaili, kuandaa metadata (maelezo kuhusu kila faili) na kuyafunga kwa mpangilio wa BagIt. DSpace, iliyoanzishwa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya HP, inafaa kwa kuwaonyesha wasomaji nyaraka, lakini isichukuliwe kuwa ndiyo ghala. Kama hakuna fundi, folda za BagIt juu ya ZFS zinatosha, nami sioni aibu kulipendekeza hilo hata kwa taasisi yenye jina kubwa.

Muuzaji akikuletea programu ya kulipia, mpe mafaili kumi, kisha mwombe ayatoe yote pamoja na metadata yake bila kutumia programu hiyo. Asipoweza, msitie saini.

Hatua ya tano: nakala ya pili na ya tatu

Nakala ya pili ikae mbali, mahali ambapo mafuriko au moto wa hapa hautafika. Tulichagua Dodoma, ambako hewa ni kavu zaidi, kwa kubadilishana nafasi na taasisi rafiki. Nakala ya tatu ikae imechomolewa kabisa, ili virusi vya kufungia data visiifikie.

Wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, linaweza kuwa moja ya nakala hizi, lakini fanya hesabu kwanza. Kupandisha TB 2.6 kwa kasi ya Mbps 10 huchukua takriban siku 24 mfululizo, na watoa huduma wengi hutoza unapotaka kushusha. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchini kote. Aliyekuwa na nakala ya ng'ambo pekee alibaki akisubiri. Kama kumbukumbu zako zina majina, picha au afya za watu, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa inagusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi.

Hatua ya sita: kagua, rejesha, andika

Amuru ZFS ijikague kila mwezi, na hakiki namba za BagIt kwenye nakala zote kila baada ya miezi sita. Katika ukaguzi mmoja, kati ya maelfu ya mistari ya OK ilitokea FAILED moja, ya kaseti ya ngoma ya harusi, kwenye diski iliyochomolewa. Tuliichukua nakala ya Dodoma, namba zake zikalingana, tukaiweka mahali pake, na diski ile tukaibadilisha wiki hiyohiyo.

Mara moja kwa mwaka, chagua mafaili ishirini bila kupendelea, yarejeshe kutoka nakala ya tatu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuyaona, kisha uyafungue na kuyasikiliza mpaka mwisho. Andika tarehe, jina la aliyekagua na alichokuta kwenye daftari la karatasi linalokaa karibu na seva, na usimruhusu mtu asaini ukaguzi ambao hakuufanya mwenyewe.