Kulinda akaunti za gemu kwa ufunguo wa usalama: anza na barua pepe

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu usiku wa manane. "Shikamoo mjomba, nimeibiwa akaunti." Marahaba nilisahau kuitikia. Miaka minne ya kucheza, skini zote (mapambo ya wahusika) alizozikusanya, na hata orodha ya marafiki, vyote vilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Alikuwa ametumiwa kiungo na rafiki yake, akiombwa aipigie kura timu fulani. Aliyetuma hakuwa rafiki, ni mwizi aliyekwisha kuiteka akaunti ya rafiki. Kikatokea kidirisha cha kuingia kinachofanana na cha kweli hadi nembo. Akaandika jina, nenosiri, kisha ule msimbo wa tarakimu sita kutoka kwenye simu yake. Yaani uthibitishaji wa hatua mbili alikuwa nao, na haukumfaa kitu. Tovuti ghushi iliupokea msimbo na kuupeleka papo hapo kwenye tovuti halisi, ukiwa bado haujaisha muda wake. Msimbo haujui umeandikwa wapi.

Ufunguo wa usalama unajua. Ni kifaa kidogo unachokichomeka kwenye USB au kukigusisha nyuma ya simu. Kivinjari hukipa jina la tovuti uliyopo, nacho hutia saini kwa ajili ya jina hilo tu. Ukiwa kwenye tovuti ya mwizi, hata herufi moja ikitofautiana, hakuna saini ya kuiba. Mwaka 2018 Google ilisema kwamba tangu iwape wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo hizi mapema 2017, hakuna hata mmoja aliyethibitika kunaswa na ulaghai wa aina hiyo.

Kinachochekesha ni kwamba gemu ndizo zilizotangulia. Blizzard ilianza kuwauzia wachezaji kifaa cha kuonyesha tarakimu mwaka 2008, na Square Enix nayo ikawa na cha kwake. Lakini vile vilikuwa vifaa vya misimbo, vyenye udhaifu uleule uliomponza mpwa wangu. Leo kampuni nyingi za gemu bado hazijapokea funguo za kisasa moja kwa moja, ndiyo maana mwongozo huu unazunguka kidogo.

Hatua ya 1: Nunua funguo mbili

Mbili. Ukiwa na pesa ya mmoja tu, bora usubiri. Mmoja utembee nao, wa pili ukae mahali pengine kabisa. Siyo kwenye begi moja.

Tafuta wenye FIDO2 (ndiyo kazi ya saini niliyoieleza) na NFC (ndiyo ya kugusisha kwenye simu). Mimi natumia YubiKey 5 ya kampuni ya Yubico, na nitakwambia kwa nini sikushauri ule wa bei nafuu wa kampuni hiyohiyo unaoitwa Security Key, wala Titan wa Google, kwa kazi hii: ni imara, lakini haihifadhi misimbo ya tarakimu sita, na kwenye gemu bado utaihitaji. Angalia pia toleo la programu ya ndani. Kuanzia 5.7 ufunguo unabeba funguo za siri (passkey, yaani usajili wa kuingia kwenye tovuti bila nenosiri) 100 na misimbo 64, ilhali matoleo ya awali ya YubiKey 5 yenye FIDO2 yanabeba 25 na 32. Programu hiyo haisasishwi, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Utasikia pia habari za udhaifu uliotangazwa Septemba 2024 kwenye funguo za kabla ya 5.7. Ni kweli upo, ila mwizi lazima aushike ufunguo wako mkononi na awe na vifaa vya maabara vya bei mbaya. Mwizi wa skini hana maabara. Ulionao wa zamani usiutupe.

Usinunue uliokwisha kutumika.

Hatua ya 2: Weka PIN kabla ya kitu kingine chochote

Pakua Yubico Authenticator kwenye kompyuta, chomeka ufunguo, weka PIN. Fanya hivyo kwa funguo zote mbili. PIN inaweza kuwa na herufi pia, siyo lazima tarakimu nne.

Hatua ya 3: Sajili funguo kwenye barua pepe yako

Kwa nini barua pepe na siyo gemu? Kwa sababu kiungo cha "nimesahau nenosiri" kinakwenda huko. Akaunti yako ya gemu hata ukiifunga kwa makufuli saba, mwenye barua pepe yako ana ufunguo wa uani. Google na Microsoft zote zinapokea funguo hizi. Apple nayo tangu iOS 16.3, ila yenyewe inakudai funguo mbili tangu mwanzo, jambo ninaloliunga mkono.

Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama, chagua kuongeza ufunguo. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima, basi soma polepole.

Unapobonyeza kuongeza, kinatokea kidirisha kinachoomba alama ya kidole, uso, au PIN. Mimi niliweka kidole kwenye kompyuta, nikaona tiki ya kijani, nikafurahi. Nikachomeka ufunguo wa pili, nikarudia, tiki nyingine. Nikajaribu kuingia kwa kompyuta ya mke wangu: "Ufunguo huu hautambuliki." Nikafuta, nikasajili upya, hali ileile. Nilianza kuamini nimeuziwa vifaa vibovu. Baada ya saa tatu ndipo nikagundua kwamba funguo zangu hazikuwa zimesajiliwa kabisa. Kompyuta ilikuwa imetengeneza ufunguo wa siri wake yenyewe na kuuhifadhi ndani yake.

Hii siyo hitilafu. Tovuti inapoomba ufunguo, kuna wengi wanaogombania kuuhifadhi: mfumo wa kompyuta, kivinjari, simu yako, na kama una programu ya kutunza manenosiri, nayo inajipenyeza mbele ya wote. Ufunguo wako mdogo ndio wa mwisho kwenye foleni. Kwa hiyo:

Ukiona kidirisha cha programu ya kutunza manenosiri, kifunge. Ikiwa kinarudi kila mara, zima kiongezi hicho kwenye kivinjari mpaka umalize.

Kivinjari kikitaka kuhifadhi kwenye akaunti yake, tafuta chaguo la njia nyingine au kifaa kingine.

Windows ikikuomba uso au kidole, usikubali. Chagua kutumia kifaa kingine, kisha ufunguo wa usalama. Kwenye Mac nako kuna chaguo la namna hiyo, lipo kwa maandishi madogo.

Na kipimo kisichodanganya ni hiki: kama taa ya ufunguo haikuwaka na hukuugusa kwa kidole chako, hakuna kilichosajiliwa kwenye ufunguo. Tiki ya kijani haina maana yoyote bila mguso huo.

Kuna mtego wa pili palepale. Kidirisha kinaomba PIN, nawe unaandika PIN ya kuwashia kompyuta. Inakataliwa. Unaandika tena, kwa hasira zaidi. Hapo inatakiwa PIN ya ufunguo, ile uliyoiweka hatua ya 2. Ukikosea mara tatu mfululizo itabidi uuchomoe ufunguo na kuuchomeka upya ndipo ukubali kusikiliza tena. Ukifikisha makosa manane, unajifunga, na dawa pekee ni kuufuta. Ukifutwa, usajili wote wa FIDO uliofanya kwa ufunguo huo umekufa, kwenye kila tovuti. (Misimbo ya tarakimu sita iliyo ndani haiguswi, iko kwenye chumba chake.) Mimi nilifika jaribio la sita kabla ya kushtuka. Ukishakosea mara mbili, simama, soma kidirisha kinauliza PIN ya nani.

Mtego wa tatu ni mdogo: unaposajili ufunguo wa pili, uchomoe wa kwanza. Zikiwa zimechomekwa zote mbili unaweza kugusa uliosajiliwa tayari, tovuti ikakataa, ukadhani ni mbovu.

Kila mmoja upe jina linaloeleweka. "Wa mfukoni" na "wa kabatini" yatosha. Siku ukipoteza mmoja, majina ya "Ufunguo 1" na "Ufunguo 2" yatakutesa.

Kisha jaribu kuingia kwa kila ufunguo, kwenye kompyuta au simu ambayo hujawahi kuitumia. Usiruke hapa.

Hatua ya 4: Sasa gemu zenyewe

Akaunti ya Xbox ni ya Microsoft, kwa hiyo ukimaliza hatua ya 3 umekwisha kuifunga. Roblox na Discord zinapokea ufunguo moja kwa moja kwenye mipangilio ya usalama. Discord siyo gemu, ni programu ya gumzo, najua, lakini wizi mwingi unaanzia humo, basi usiiache. PlayStation Network inakubali funguo za siri tangu Februari 2024, na ukiuweka, unachukua nafasi ya nenosiri.

Kwa zinazotumia misimbo ya programu ya uthibitishaji, kama Epic Games na Ubisoft, tumia Yubico Authenticator. Siri inayozalisha misimbo inakaa ndani ya ufunguo, wala siyo kwenye simu. Simu ikiibwa, mwizi hana kitu. Ila elewa kwamba ulinzi huu ni nusu: msimbo bado unaweza kuandikwa kwenye tovuti ghushi, kama alivyofanya mpwa wangu. Usifuate kiungo ulichotumiwa. Fungua tovuti ya gemu kwa alamisho uliyoihifadhi mwenyewe.

Jambo moja la kuzingatia: siri ikishaingia kwenye ufunguo haitoki. Hakuna kunakili kutoka wa kwanza kwenda wa pili. Kwa hiyo msimbo wa QR unapoonekana kwenye skrini, usiharakishe kuthibitisha. Uskani kwa ufunguo wa kwanza, uchomoe, chomeka wa pili, uskani uleule. Linganisha: funguo zote mbili zitoe tarakimu zilezile kwa wakati uleule. Ndipo uandike msimbo na kumaliza. Ukifunga ukurasa mapema itabidi uzime uthibitishaji na kuanza upya.

Steam, lile duka la gemu za kompyuta, ina njia yake. Haipokei funguo hizi, inataka Steam Guard kwenye programu yake ya simu, yenye misimbo ya herufi na tarakimu tano. Iwashe, halafu nakili kwenye karatasi ule msimbo wa kurejesha unaoanza na R. Ukiwa unafanya biashara ya vitu, fungua pia ukurasa wa ufunguo wa API (unaoruhusu programu nyingine kuifikia akaunti yako) kwenye akaunti yako. Kama kuna ufunguo ambao hukuuomba wewe, ufute mara moja. Wezi huuweka ili waone maombi yako ya kubadilishana, wayafute, na kuweka ya kwao yanayofanana.

Hatua ya 5: Ziba milango ya uani

Watu huweka ufunguo wa chuma mlangoni na kuacha dirisha wazi. Baada ya kuhakikisha funguo zote mbili zinafanya kazi, ondoa uthibitishaji kwa SMS popote inapowezekana, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli. Angalia barua pepe ya kurejesha akaunti: ni ipi? Bado ni yako? Ya mpwa wangu ilikuwa anwani aliyofungua akiwa darasa la saba, nenosiri lake halijui. Chapisha misimbo mbadala, Google inakupa kumi ya tarakimu nane, iweke pamoja na ufunguo wa kabatini. Usiipige picha.

Kisha toka kwenye vifaa vyote. Ufunguo unalinda wakati wa kuingia. Ukishaingia, kivinjari kinatunza kidakuzi kinachosema "huyu tunamjua", na programu za wizi zilizofichwa ndani ya modi (nyongeza za gemu) na programu za kuchezea gemu kwa udanganyifu huiba kidakuzi hicho na kuingia bila kuulizwa chochote. Kwa hilo ufunguo hauna msaada. Kama ulipakua kitu cha namna hiyo, safisha kompyuta kwanza, ndipo uanze hatua ya 1.

Ukiacha YubiKey 5 imechomekwa wakati unacheza, na goti au kidole kikaigusa, itaandika mstari mrefu unaoanza na "cccc" kwenye gumzo la timu. Si virusi, ni kazi yake ya zamani ya kutoa nenosiri la mara moja. Izime ndani ya Yubico Authenticator, kwani kwa haya yote huihitaji.

Ukipoteza ufunguo mmoja

Usihangaike usiku huohuo na huduma kwa wateja. Aliyeuokota hana PIN yako, ila misimbo ya tarakimu sita anaweza kuisoma kama hukuiwekea nenosiri ndani ya Yubico Authenticator (liweke leo). Chukua wa kabatini, ingia, futa uliopotea kwa jina lake kwenye kila akaunti, anza na barua pepe. Kwa akaunti za misimbo, zima uthibitishaji na uwashe upya ili siri ibadilike. Agiza mwingine, na ukifika, rudi hatua ya 2. Mpaka ufike, ule wa kabatini usitoke nao nyumbani.