SOMO: Pima mwenyewe kazi ya nyuki na wadudu rafiki shambani

Wakuu, kila msimu naulizwa lilelile: "Nitajuaje kama wadudu wa shambani kwangu wana faida, au nipige dawa tu?" Naliandika hapa mara moja. Nalima tikiti na kunde, mifano ni ya huko.

Uchavushaji (tikiti)

1. Jioni tafuta maua ya kike yatakayochanua kesho. Ua la kike lina kitikiti kidogo chini yake.
2. Chagua 30. Kumi yaache wazi. Kumi yavishe vifuko vya shela. Kumi yavishe pia, ila asubuhi yafungue, uyapake chavua ya maua ya kiume kwa mkono, uyavishe tena.
3. Funga uzi wa rangi tofauti kwa kila kundi.
4. Kesho yake jioni vua vifuko. Ua la tikiti huchanua siku moja tu.
5. Baada ya wiki hesabu vilivyoshika. Linganisha maua ya wazi na ya mkono: yakikaribiana, nyuki wanatosha. Ya wazi yakishika machache, au matikiti yakitoka yamepinda, nyuki ni pungufu.

Wadudu rafiki, yaani wanaoua wadudu waharibifu (kunde)

1. Chagua miche 15 yenye wadudu mafuta (vidukari, wale wadogo wanaofyonza utomvu), acha 20 kila mche.
2. Mitano ifunike kabisa kwa neti, ukingo ufukie kwa udongo. Mitano iache wazi. Mitano iwekee neti juu, pande ziwe wazi.
3. Hesabu siku ya kwanza, ya nne na ya nane.

Hapo kwenye neti ndipo nilipoharibu. Nilikata chandarua kikuukuu cha kulalia. Siku ya nane wadudu mafuta ndani ya neti walikuwa wachache kuliko nje, nikaamini kwamba wadudu rafiki hawana kazi yoyote. Nikapiga dawa shamba zima. Kumbe chandarua ndicho kilichowaua! Vyandarua vyenye dawa ya kudumu hutengenezwa ili dawa ya kuua mbu ibaki hata vikifuliwa mara 20. Wadudu mafuta walirudi wengi kuliko mwanzo, na wa kuwala nilikuwa nimeshawamaliza mwenyewe. Inaniuma mpaka leo.

ONYO: chandarua chenye dawa usitumie, hata kiwe kimechakaa vipi. Na matundu yawe madogo sana. Nyigu anayetaga ndani ya mdudu mafuta ni mdogo mno, shela ya matundu makubwa anapita.

Maswali

JembeJipya: Mkuu sijasoma yote, dawa gani kiboko ya wadudu mafuta?
Jibu: Soma yote.

Shamba Dogo: Nimepaka kwa mkono na bado vitikiti vimedondoka. Njia yako haifanyi kazi.
Jibu: Njia inafanya kazi. Mche ulikuwa na tunda tayari? Mche uliobeba huangusha vinavyofuata. Chagua miche isiyo na tunda. Hilo sikuliandika, nakubali.

Binti Mkulima: Samahani mwalimu, ile mitano ya neti juu tu ni ya nini?
Jibu: Asante kwa kuuliza, dada. Neti inaleta kivuli na kupunguza upepo, na hilo peke yake linaweza kuwafanya wadudu mafuta wazaliane. Mitano hiyo ina kivuli, lakini wadudu rafiki wanaingia. Wadudu mafuta wakiwa wengi kwenye miche iliyofungwa kabisa tu, basi tofauti imeletwa na walaji. Wakiwa wengi kote kwenye neti, ni kivuli. Ukiona waliovimba na kugeuka kahawia, hao wana mtoto wa nyigu ndani. Wahesabu peke yao, usiwatoe.

Binti Mkulima: Na sisimizi? Kwangu wamejaa kwenye miche hiyo.
Jibu: Swali zuri sana. Sisimizi hunywa maji matamu ya wadudu mafuta na kuwafukuza wanaowala. Tumia miche isiyo na sisimizi, au yenye sisimizi iandike ukurasa wake.

Shamba Dogo: Nimekagua, kweli miche ilikuwa na matunda. Narudia kesho jioni.
Jibu: Kama unapiga dawa wiki hii, subiri. Na ukipiga, piga jioni maua yakishafunga, nyuki wameondoka.