Kuku, njiwa na chozi uani: kila ndege na maji yake

Hata ua wa Sinza au Mbagala, Dar es Salaam, nyumba zilikobanana, unatosha kuku sita, jozi mbili za njiwa na chozi, ndege wadogo wafyonzao maji matamu ya maua, wanaojileta wenyewe. Kosa la kawaida ni beseni moja la maji katikati ya ua. Ugonjwa wa kideri (Newcastle) huwapata kuku na njiwa, huambukiza kwa kinyesi na makamasi, na beseni hilo humgawia kila anayekunywa. Kwa hiyo anza na maji.

Ndege wa porini wawekee sahani pana ya udongo, kina kisizidi sentimita 4, juu ya nguzo inayokufika kifuani. Iwe kivulini, lakini hatua tatu kutoka kichaka chochote anamoweza kuvizia paka. Tia mawe machache ili wadogo wapate pa kusimama. Mwaga kila asubuhi na usugue kuta kwa brashi. Mbu wa dengi hubandika mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, kwa hiyo kumwaga peke yake hakuyaondoi.

Halafu kuna kunguru, mgeni aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ametapakaa Dar nzima. Hulowesha makombo ya jalalani kwenye sahani hadi maji yanavunda. Funika sahani kwa kuba la waya wenye matundu ya sentimita 5, lililo mbali na ukingo kwa sentimita 25. Likikaribia zaidi, kunguru atapenyeza kichwa na kunywa. Shomoro na chozi hupita bila shida.

Chozi hawahitaji nafaka. Panda haibiskasi au shubiri, na usipulizie dawa ya wadudu, maana makinda yao hulishwa wadudu na buibui. Usiwatie tunduni: kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Kwa vifaranga, toboa chupa ya lita moja na nusu sentimita 2 kutoka mdomoni, ijaze, kisha ipindue haraka juu ya kisahani chenye ukingo wa sentimita 3. Maji yatasimama usawa wa tundu. Ukitoboa juu ya usawa wa ukingo, yatamwagika yote, maranda ya mbao yaliyotandikwa chini yalowe, na vifaranga vipate baridi. Kuku mkubwa hunywa robo lita kwa siku, na joto la Januari likipanda huweza kufika nusu lita. Vifaranga vikae ndani ya wavu uliofunikwa hata juu hadi wiki 6. Kunguru hahitaji zaidi ya dakika moja kunyakua kifaranga.

Njiwa wapewe visanduku viwili kwa kila jozi, kila kimoja sentimita 30 kila upande, kwa kuwa jike hutaga tena kabla makinda hayajaondoka kiotani. Nguzo ya banda ifungwe bati laini ili panya wateleze. Njiwa wapya wafungie wiki 4 kabla ya kuwaachia, la sivyo watarudi walikonunuliwa.

Chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Mlaze kuku ubavu, dondosha, msubiri apepese ndipo umwachie. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, basi changeni na majirani siku moja; mtaa mzima ukichanjwa, ugonjwa hukosa pa kushika. Ukiamua kuitia kwenye maji ya kunywa, usitumie ya bomba, klorini itaiua. Mpe chanjo kuku asiyeumwa tu. Inachukua kama wiki mbili kumkinga, na haimponyi aliyekwisha kuugua.

Ukiona kinyesi cha kijani, kuhema kwa mdomo wazi au shingo iliyopinda, mtenge huyo siku hiyohiyo, osha vyombo vyote kwa sabuni na uvianike juani, kisha umwite bwana mifugo wa kata. Akifa, mzike kwenye shimo la futi 3 na juu yake utie chokaa. Ukimtupa jalalani, kunguru atamchambua na kuubeba ugonjwa hadi ua wa jirani.