Kabla hamjachanga hela ya waifai

Watu wawili wakihamia nyumba moja, suala la kodi hulimaliza siku ya kwanza, kwa sababu mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. La LUKU hulimaliza usiku wa kwanza wa giza. La intaneti huachwa lijiendee, "tutachanga tu", na ndilo litakalowafanya mpishane koridoni bila salamu. Mimi nimepishana hivyo na mtu miezi mitatu, Sinza, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Kwa hiyo keti usikie.

Anza na jina. Laini ya rauta, kile kisanduku kinachorusha waifai, itasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole za mmoja wenu, na tangu siku hiyo kila kinachopita humo kinapita kwa jina lake. Mwenzako akitukana watu mtandaoni usiku wa manane, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na atakayeanza kuulizwa ni mwenye jina. Kama humwamini kiasi hicho, kila mtu anunue bando lake kwenye simu yake, mbaki marafiki. Na mara moja moja piga *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Wapo waliohama nyumba wakaacha laini nyuma, inatumiwa na wapangaji wasiowajua hata kwa sura.

Rauta ni ya nani mkiachana? Semeni leo, mkiwa bado mnacheka. Aliyenunua aondoke nayo, au anayebaki amlipe nusu. Msinunue "ya wote", kwa sababu rauta haikatwi vipande.

Hela itumwe siku tatu kabla bando halijaisha, si siku limeisha. Likiisha Ijumaa jioni na mwenzako "bado hajalipwa", utalipa wewe peke yako, halafu mwezi unaofuata utaanza kuhesabu. Ukishaanza kuhesabu, urafiki umeingia dosari.

Maneno "bila kikomo" yasome mpaka mwisho, yale madogo ya chini. Vifurushi vingi vya namna hiyo vina kiwango, na mkikivuka hamkatiwi, mnapunguziwa kasi, ambayo kwa mtu anayefanya kazi ni kitu kilekile. Jueni pia kinachokula: filamu ya ubora wa HD hula takribani GB 3 kwa saa, ile ya 4K hufika 7. Mwenzako akiwa na televisheni kubwa na usingizi mwepesi, piga hesabu mapema. Si ugomvi, ni hesabu.

Kuhusu nani alipe kiasi gani, msimamo wangu ni nusu kwa nusu, basi. Ukianza kupima nani ametazama nini utageuka mlinzi wa mwenzako. Isipokuwa mmoja akihitaji kifurushi kikubwa kwa ajili ya kazi yake ya kumwingizia kipato: hapo ile ziada iwe juu yake. Mimi nilifanya kinyume chake, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Nilikuwa nafanya ukalimani wa simu. Wako wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa Marekani wanaozungumza Kiswahili, na hospitali ya huko ikimpokea mmoja wao hupiga simu kwenye kampuni ya wakalimani. Simu hiyo inavuka bahari inaingia kwenye kompyuta ya mtu kama mimi, chumbani Sinza, feni imezimwa isisikike, jasho linatiririka mgongoni. Unalipwa kwa dakika. Kwao kukiwa asubuhi huku ni alasiri, hivyo zamu yangu ilikuwa saa kumi jioni hadi saa sita usiku.

Mwenzangu alikuwa anahariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Shughuli zenyewe Ijumaa na Jumamosi, Jumapili anakaa na kompyuta mpaka macho mekundu, Jumatatu anawatumia wateja.

Jumatatu sauti zikaanza kunikatika. Nasema Jumatatu kwa sababu sasa najua. Wakati ule sikuona mpangilio wowote, niliona nimelogwa. Siku moja ikaingia simu ya wodi ya watoto. Habari za mgonjwa siwezi kuzisema, kiapo cha kazi ni kiapo. Niseme tu muuguzi alikuwa anaeleza dawa, na kilichonifikia kilikuwa "mililita… kila baada ya… usizidishe". Nikaomba arudie. Ikaja namba bila dawa. Nikaomba tena. Mara ya tatu kukawa kimya, halafu sauti yake ikaja safi kabisa, kama yuko jikoni kwangu: anaomba apewe mkalimani mwingine. Alikuwa na haki. Kipimo cha dawa ya mtoto hakibahatishwi.

Nikamvaa mwenzangu. Nikamwambia tamthilia zake za Kituruki zinanikatia riziki. Hakujibu kitu. Nikapandisha kifurushi kutoka kasi ya Mbps 20 kwenda 40 na nusu ya nyongeza nikamtoza yeye, maana mkosaji nilikuwa nimeshampata. Jumatatu iliyofuata, yaleyale. Nikambadilishia sura kabisa, nikaanza kuosha sahani zangu tu. Kumbe wiki zote hizo alikuwa ameacha kutazama kwenye waifai. Tamthilia alikuwa anazitazama chumbani kwa bando la simu yake, amejifunika shuka. Nilikuja kuambiwa baadaye, tena si na yeye.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, wakati huo anasoma DIT. Alikuja Jumatatu mchana kula, kama kawaida yake, nikamlalamikia. Nikapima kasi mbele yake: 9, kwenye kifurushi cha 40. "Unaona wezi hawa?" Hakujibu. Alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta, akaandika ping na namba 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya kompyuta ya Google, zikaanza kushuka namba: 1,640, 1,712, 1,580. Hizo ni milisekunde, muda ambao ujumbe mdogo unachukua kwenda na kurudi. Sekunde moja na nusu na zaidi, kwa kitu ambacho hakikupaswa kuzidi mia.

"Dada, nani anapakia kitu humu ndani?"

Nikamwambia hakuna mtu, mwenzangu ameenda Kariakoo. Akatazama sebuleni. Kompyuta ya mwenzangu ilikuwa mezani, imefunikwa taulo isiingie vumbi, kifuniko nusu wazi. Akainua taulo. Kulikuwa na mstari wa bluu umefika asilimia 62, kazi ya harusi ya Jumamosi inaelekea kwa mteja. Akabonyeza pale pa kusimamisha. Namba kwenye kompyuta yangu: 1,604. 890. 61. 48. 47.

Nilikaa chini.

Kiswahili chetu kimeweka herufi moja tu kati ya kupakua na kupakia, na herufi hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kupakua ni kushusha kitu kuja kwako: filamu, picha, muziki. Kupakia ni kukipeleka. Kifurushi kinatangazwa kwa namba ya kupakua, ile kubwa iliyoandikwa kwenye bango. Kwenye rauta nyingi za laini, kupakia ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Yetu ilikuwa 5. Nilipolipia 40, njia ya kuja ilipanuka, ya kwenda ikabaki 5 ileile. Hela yangu, na ya mwenzangu, ilipotelea upande ambao haukuwa na tatizo.

Na piga hesabu. Mbps ni biti milioni kwa sekunde, faili linapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Video ya GB 20 kwenye njia ya Mbps 5 inachukua karibu saa tisa mfululizo. Ikianza saa sita mchana inamaliza saa tatu usiku, katikati kabisa ya zamu yangu.

Utauliza, kama nilivyouliza mimi: simu ya sauti inakula kiasi gani? Kidogo mno, hata Mbps moja haifiki. Tatizo si kiasi, ni foleni. Umeshavuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni? Abiria wa miguu wana mahali pao pa kusubiria, magari yana foleni yake. Sasa fikiria siku moja wanaamua foleni iwe moja tu: wewe na kikapu chako cha samaki umesimama nyuma ya malori arobaini ya mchanga. Kikapu ni chepesi, lakini kitafika jioni. Sauti yangu ilikuwa hicho kikapu. Hata vitu vinavyokuja kwako vinapunguza mwendo, kwa sababu kwa kila fungu linalokufikia kompyuta inatakiwa kurudisha jibu dogo kwamba limefika, na jibu hilo nalo linakwenda kusimama nyuma ya malori. Ndiyo ile 9 kwenye kifurushi cha 40.

Suluhisho lilichukua dakika kumi. Programu aliyokuwa anatumia kutuma video ilikuwa na sehemu ya kuwekea kikomo. Tukaweka Mbps 2, zikabaki 3 za watu wengine. Mzigo mkubwa uanze saa sita usiku nikifunga kazi, kikomo kikiwa kimeondolewa, asubuhi uwe umefika. Simu zetu zote mbili tukazizuia zisihifadhi picha mtandaoni mchana, maana nazo ni malori, madogo tu. Baadhi ya rauta zina mpangilio wa kutanguliza vifaa fulani, yaani ule mlango wa abiria wa miguu. Ya kwetu haikuwa nao, yako itazame.

Dakika kumi, baada ya miezi miwili ya kununiana. Lakini mwenzangu aliporudi Kariakoo siku ile na kukuta kazi yake imesimamishwa na mtu mwingine, mteja anampigia, hakutaka kusikia habari za kivuko. Na kampuni ilikuwa imeshanipunguzia alama, zamu zikabaki za Jumamosi tu. Kodi ilipoisha akahama. Nilimtumia ile nusu ya nyongeza kwenye simu, na ya kutolea juu. Alijibu "imefika".

Kwa hiyo kabla hamjachanga, usimuulize mwenzako anatazama nini. Muulize anatuma nini, kikubwa kiasi gani, na saa ngapi. Mwanafunzi anayesoma kwa video, anayeuza nguo mubashara, mwenye kamera ya ulinzi inayorekodi kwenda mtandaoni: wote hao wanapakia, na wengi hawajui. Halafu mkae mezani, kila mtu ataje saa zake ambazo hazina mjadala. Zangu zilikuwa saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Sikuwahi kuzitaja, nilidhani kila mtu anaziona.

Yaliyobaki ni madogo, ila usiyadharau.

Rauta ikae sebuleni, juu, mbali na friji na ukuta wa zege. Isikae chumbani kwa mtu, kwa sababu mtu husafiri na kufunga mlango. Zile waifai mbili unazoziona, moja ikiwa na 5G mwishoni, si 5G ya minara. Hiyo 5 ni gigahezi, ina kasi zaidi lakini haipendi kuta. Mwenye chumba cha mwisho atumie ile ya 2.4, na asiambiwe analalamika bure.

Pasiwedi msimpe mtoto wa jirani, hata akiwa na heshima namna gani. Na kuificha pasiwedi peke yake hakutoshi siku hizi. Simu nyingi zikishaunganishwa zinaweza kuonyesha ile picha ya miraba, mwingine akaipiga na simu yake akaingia bila kujua hata herufi moja. Wageni wafungulieni mtandao wa wageni kama rauta inao. Mchumba anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumatatu si mgeni, huyo achangie, au anayemleta amchangie.

Ukurasa wa mipangilio ya rauta una pasiwedi yake tofauti, imebandikwa chini ya rauta yenyewe. Ibadilisheni siku ya kwanza, mkiwa wote wawili, na wote wawili mwijue. Mmoja akiijua peke yake amekuwa baba mwenye nyumba. Humo mnaona orodha ya vifaa vilivyoingia. Mkikuta kumi na nne na ninyi mna vitano, msilaumiane kabla hamjavitaja kimoja kimoja. Simu ya zamani iliyoko kabatini nayo huhesabiwa.

Umeme ukikatika rauta inazima, hata kama kompyuta ina chaji. Kuna betri ndogo za rauta madukani, nunueni moja, ila hakikisheni volti zinalingana na za rauta yenu, maana nyingine ni 12 na nyingine 9, na muuzaji atakwambia zote ni sawa.

Masika yakianza na radi zake, chomoa rauta ukutani, hata kama mwenzako yuko dakika ya themanini ya mechi. Ila mwambie kwanza.